Uzi: Unakwenda kwa mwanasaikolojia au mshauri nasaha kwa mara ya kwanza? Haya ndiyo utakayokutana nayo

Mvuvi wa Kunduchi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kuna mdau aliuliza kama kwenda kwa mwanasaikolojia kunasaidia au ni kuchoma hela. Majibu mnayajua. Mmoja kamwambia aoe, mwingine kamwambia apige tizi, wa tatu kamrushia namba ya mganga. Hakuna hata mmoja aliyemwambia huko ndani kunafanyika nini. Mimi nimepita huko na bado naendelea, kwa hiyo naandika kwa ajili yake na kwa wengine wanaosita. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Njia iliyonifikisha naieleza kwa ufupi, maana najua wengi mko humo humo. Kifua kinabana, moyo unakwenda mbio bila sababu, tumbo linaunguza, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Nikapima malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, sukari, presha, hadi kipimo cha umeme wa moyo. Kila kitu safi. Ni daktari mmoja kijana aliyeniuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza: "Baba, nyumbani kukoje?" Tukaongea kidogo, akaniandikia rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili.

Unamwona nani? Watu wanachanganya sana hapa. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba kama wengine, na yeye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa, kazi yake ni mazungumzo na vipimo vya kisaikolojia. Mshauri nasaha naye ni wa mazungumzo, ila mafunzo yao yanatofautiana mno, kuna mwenye shahada ya uzamili na kuna aliyehudhuria semina akachapisha kadi. Hospitali nyingi utampata pia afisa ustawi wa jamii, ambaye usimdharau, ndiye anayejua milango ya misaada. Mliopita vituo vya Angaza miaka ya 2000 kupima virusi vya UKIMWI mlishakaa mbele ya mshauri nasaha, ila yale yalikuwa mazungumzo mafupi kabla na baada ya kipimo. Haya ya sasa huchukua wiki hadi miezi.

Pa kwenda: Muhimbili wana idara yao, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, Dodoma kuna hospitali ya akili ya Mirembe. Ndiyo, Mirembe ile ile tuliyoigeuza tusi la kutaniana. Watu wanakwenda kliniki pale, wanaonwa, wanarudi zao nyumbani kupika. Vyuo vikuu vingi navyo vina ofisi ya ushauri kwa wanafunzi, na wanafunzi wengi wanamaliza chuo hawajui ilikuwa jengo gani.

Sasa siku yenyewe. Usitegemee kochi la kulalia kama kwenye filamu. Kilikuwa chumba kidogo, viti viwili vimewekwa mshazari ili msikodoleane macho, meza yenye boksi la tishu, na saa ya ukutani imetundikwa nyuma ya kichwa changu, yeye aione, mimi nisiione. Kabla ya maneno nikapewa karatasi ya maswali tisa. Inaitwa PHQ-9, ni ya kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), ipo kwa Kiswahili. Inauliza habari za wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda? Umelala vibaya? Umechoka tu? Umejiona umeshindwa maisha? Unajibu kwa namba: 0 hapana kabisa, 1 siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Swali la tisa linauliza kama ndani ya wiki hizo mbili umewaza ni afadhali ungekufa, au kujidhuru. Kalamu ikasimama pale. Mshauri aliona, hakusema kitu, akasubiri nijibu mwenyewe.

Jibuni ukweli, jamani. Hiyo karatasi si mtihani wa kufaulu. Watakujazisha tena baada ya wiki kadhaa walinganishe, sasa ukidanganya mwanzo utakuwa unalinganisha uongo na uongo.

Kisha akanieleza habari ya siri. Unayosema yanabaki pale, isipokuwa ukionekana uko hatarini kujiua au kumdhuru mtu, mtoto akiwa ananyanyaswa, au mahakama ikiamuru. Anaweza pia kujadili kesi na msimamizi wake wa kitaaluma bila kutaja jina lako. Ukiona mshauri hajayagusa haya kikao cha kwanza, muulize wewe. Baada ya hapo ni maswali, mengi: nani alikulea, nyumbani mnakaa wangapi, unakunywa kiasi gani, kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua akili, kazi ikoje, unasali wapi, umewahi kutibiwa. Saa nzima inaweza kuisha hamjagusa kilichokupeleka. Wengi hukata tamaa hapo hapo: "Nimelipa hela yangu kaniuliza habari za bibi yangu."

Na hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Sisi tumezoea kupeleka shauri kwa mzee wa ukoo, kwa mchungaji, kwa shehe, kwa mjumbe. Unaeleza, wanakusikiliza, kisha linatamkwa neno: wewe omba radhi, yeye arudishe alichochukua, yaishe. Unatoka na uamuzi mkononi. Kule hakuna neno linalotamkwa. Nilimuuliza kabisa, "Sasa nifanye nini na hawa ndugu zangu?" (kuna nyumba ya marehemu baba, mengine jazieni wenyewe). Akanirudishia swali: "Ukiwaza kuwaambia hapana, mwilini unasikia nini?" Nilikasirika. Nikaona huyu mama hana jibu, ananizungusha. Ila nilipojaribu kulijibu lile swali nikakuta kifua kimebana vile vile kinavyobana saa tisa usiku. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya pale ni nini. Uamuzi utafanya wewe, yeye anakusaidia uone unachokikwepa.

Ukienda ukisubiri kuambiwa cha kufanya, utatoka umenuna kila wiki.

Nitaendelea, ngoja kwanza niwasikie.

Njugu Mbichi

Mkuu heshima yako, ila hapana. Nilipe hela nikaongee na mtu asiyenijua? Si bora nimpigie mshikaji wangu tukae kijiweni, soda mbili, yameisha?

Mvuvi wa Kunduchi

Mshikaji muhimu sana, usimwache. Lakini mshikaji wako anamjua mkeo, anamjua bosi wako, kesho atakaa na shemeji yako. Ukimwambia jambo zito, kuanzia siku hiyo kila akikuangalia unaliona machoni mwake. Na mara nyingi hatakusikiliza hadi mwisho, maana na yeye ana yake: utasema "sijalala wiki," atasema "wewe afadhali." Yule wa kule hana upande kwenye ukoo wenu, haji msibani, hadai chochote zaidi ya ada ya kikao.

Tena si lazima awe msomi wa kutisha. Zimbabwe kuna mpango ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa akili, Dixon Chibanda, wakitumia bibi wa mtaani waliopewa mafunzo. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, vikao vichache, wanashughulika na tatizo moja kwanza. Walifanyiwa utafiti wa kulinganisha, ukachapishwa 2016, na waliokaa kwenye benchi walionekana kupata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo hao bibi wanaweza. Tofauti yao na kijiwe chako ni kwamba wamefundishwa namna ya kusikiliza, na wana wa kuwasimamia.

Bint Mkunazini

Assalaam aleikum. Miye niko Unguja. Nilokuwa nikiogopa ni mambo mawili. La kwanza, kuonekana naingia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya akili, maana hapa mtu akikuona pale ashakutangaza hadi Pemba. La pili dini. Nilidhani wataniambia Kurani haifai kitu, ni mambo ya kizungu tu.

La dini halikuwa. Dada alonipokea aliniuliza mwenyewe kama nasomewa, na nani, na baada ya kusomewa nahisi vipi, akaandika. Hakunikataza. Alonikataza ni kuacha dawa kwa sababu ya kusomewa, basi. Na wanawake wenzangu, mna haki ya kuomba mshauri mwanamke. Ombeni mapema wakati wa kupanga miadi, msingoje mpaka mshakaa mbele ya mwanamme ndo mkafunga mdomo.

La kuonekana, ndiyo, nilionekana. Jirani kauliza, nikamwambia nakwenda kliniki. Hakuuliza tena.

Mama Wawili, Nairobi

Asante kwa thread, aliyeianzisha. Niongeze kutoka upande wa Kenya. Sisi tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka hawa watu wasajiliwe na bodi. Kwa hivyo ukipata mtu Instagram anajiita therapist, muulize namba yake ya usajili. Asipotaka kuitoa, ondoka. Huhitaji kubishana naye.

Wangu wa kwanza nilimtoroka. Nilimwambia mambo ya ndoa yangu, akaniambia, "Mama, wanawake wa siku hizi hamna uvumilivu, samehe tu." Hiyo nilikuwa nishaambiwa na mama mkwe, na yeye hakunitoza kitu. Nikakaa mwaka mzima nikisema counselling haina maana kabisa. Halafu rafiki akanishawishi nijaribu mwingine. Huyu wa pili, wiki ya tatu ndio alinifunza kitu naitumia mpaka leo, ile ya kuandika. Mwanzisha uzi labda uwaeleze.

Mvuvi wa Kunduchi

Dada umenigusia nilipokuwa naelekea. Kuna aina nyingi za tiba ya mazungumzo, ila utakayokutana nayo zaidi inagusa fikra na vitendo, wenyewe wanaiita CBT. Msingi wake uliwekwa na daktari Mmarekani, Aaron Beck, miaka ya 1960. Unapewa kazi ya nyumbani. Mimi nilipewa daftari lenye safu: kilichotokea, nilichowaza, nilichosikia mwilini, ushahidi wa kuunga mkono, ushahidi wa kupinga.

Mfano wa kweli kutoka daftarini. Kilichotokea: nimemsalimia bosi kwenye korido, hakuitika. Nilichowaza: nafukuzwa kazi. Mwilini: jasho viganjani, moyo mbio. Ushahidi wa kuunga: hakuitika. Ushahidi wa kupinga: alikuwa na simu sikioni, jana kanipa kazi ya mwezi ujao, na mlinzi naye hakuitikiwa. Ukisoma hapa unaona upuuzi, mtu mzima anaandika habari za salamu. Lakini kabla ya daftari wazo lile lingenila siku nzima, ningerudi nyumbani nikamfokea mtoto, kisha usiku nikajilaumu kwa kumfokea. Kazi iko kule nyumbani, siku zile ambazo huendi. Anayekwenda kikao bila kufanya hiyo kazi anapata saa moja ya kupumua kwa wiki, si mbaya, ila asitarajie zaidi.

Vikao vingapi? Kwa CBT ya kawaida ni kati ya 6 na 20, kila kimoja dakika 45 hadi saa moja, mara nyingi kwa wiki mara moja. Hospitali za umma foleni inaweza kukusukuma hadi kila wiki mbili au mwezi. Majeraha ya utotoni huchukua muda mrefu zaidi. Ulizeni tangu mwanzo: tunalenga nini, tutapima vipi kama tunasogea, lini tutatathmini. Bei pia ulizeni kwenye simu kabla hamjapanda daladala. Kliniki binafsi zinapishana sana na baadhi wanapunguza kwa mwenye kipato kidogo, ila huwezi kupunguziwa usipouliza. Wenye bima piga simu ya bima, usimsikilize mhudumu wa mapokezi peke yake.

Kingine ambacho hawasemi: wiki za mwanzo unaweza kujisikia vibaya zaidi. Umefukua kitu kilichofukiwa miaka. Nilikuwa natoka pale nimechoka kama niliyebeba saruji. Usipange kikao cha kazi saa moja baadaye. Nenda kaa mahali, kunywa maji, tembea. Ila ukiona wiki zinapita na unazidi kuzama, hulali kabisa au huli, usivumilie kimya, mwambie.

Na kulia. Wanaume mnauliza kwa kificho huku faragha, ngoja nijibu hadharani: wengine wanalia, wengine hawalii, hakuna anayehesabu.

Nesi wa Zamu

Nafanya kazi kliniki ya akili, sitasema wapi. Naomba niongee habari ya dawa, maana watu wengi wanaona akipewa rufaa kwa daktari wa akili basi ndiyo kaambiwa ni chizi.

Si kila anayekuja anaandikiwa dawa. Anayeandikiwa dawa za sonona, kama fluoxetine au amitriptyline, ajue kwanza kwamba hizi si panadol. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, wengine wiki sita. Maudhi yanatangulia: amitriptyline inakausha mdomo na inaleta usingizi, fluoxetine inaweza kukupa kichefuchefu siku za mwanzo. Mgonjwa anaona maudhi, haoni nafuu, wiki ya pili anaacha. Mwingine anaanza kuona nafuu mwezi wa pili, anasema nimepona, anaacha ghafla, anarudi kwetu yuko hoi. Usiache bila kumwambia daktari, huwa tunapunguza kidogo kidogo. Na usimgawie jirani. Nimeona mama kampa mkwewe vidonge kwa sababu "na yeye ana mawazo". Mje na orodha ya dawa zote mnazotumia, pamoja na za mitishamba. Hatugombi.

Dawa na mazungumzo vinakwenda pamoja vizuri tu, anayekuambia uchague kimoja muulize sababu.

Kijana wa Mbezi

Samahani wakuu, naomba msinicheke. Nikimwambia mshauri kwamba nimewahi kuwaza kujiua, ataita polisi? Nasikia ni kosa la jinai.

Mvuvi wa Kunduchi

Mdogo wangu, hakuna wa kukucheka hapa, na anayetaka kucheka mods wapo.

Kuwaza si kosa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inazungumzia jaribio, haizungumzii wazo. Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu chao cha 226, kile kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kuwa kinapingana na katiba. Mshauri ukimwambia hili hatashtuka, amelisikia mara nyingi. Atakuuliza maswali ya moja kwa moja: unawaza mara ngapi, umepanga namna, una kitu cha kutumia, nini kimekuzuia hadi leo. Kuulizwa hakukuongezei wazo. Kisha mtapanga pamoja: nani wa kumpigia usiku likija, kitu gani kiondolewe nyumbani, kliniki gani uende. Kwa jambo hili siri inavunjwa pale tu hatari ikiwa ya sasa hivi, na hapo atakuambia anamwita nani.

Ila nikuulize na mimi moja kwa moja: unawaza sasa, leo? Kama ndiyo, usisubiri miadi. Mwamshe mtu mmoja unayemwamini, msikae mbalimbali, mwende hospitali iliyo karibu, dharura iko wazi usiku kucha. Kwa walioko Kenya, Msalaba Mwekundu wana namba ya bure 1199. Kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 18, Tanzania na Kenya zote wanapiga 116 bure. Nimekuandikia faragha, nijibu tafadhali.

Kijana wa Mbezi

Si leo. Ilikuwa mwezi uliopita. Nimekujibu faragha kaka. Asante.

Njugu Mbichi

Basi niulize kwa heshima. Nitajuaje huyu ni mzuri na huyu ni tapeli? Maana kila mtu siku hizi ni kocha wa maisha.

Mama Wawili, Nairobi

Mimi nawapa wiki tatu, nne. Kutopendana siku ya kwanza ni kawaida, hata daktari wa meno humpendi. Lakini kuna mambo hayangoji wiki ya pili. Akikushika shika, akitaka mkutane nje, akikukopa pesa, akikuuzia virutubisho, akikusimulia siri za mteja mwingine (kesho zitasimuliwa zako), akikulazimisha uache ndoa ama ubaki kwa ndoa. Toka siku hiyo hiyo.

Kama si hayo, ni kwamba hamwelewani tu, mwambie usoni: naona hatuendani, unaweza kunielekeza kwa mwingine? Mzuri hakasiriki. Mimi hiyo sentensi niliiandika kwenye karatasi nikaisoma, ilinishinda kuisema kwa kichwa.

Bint Mkunazini

Na wa mtandaoni je? Kuna watu kwa video wanasema wanatibu. Miye nina wanangu, kutoka kila wiki tabu.

Mvuvi wa Kunduchi

Inawezekana, mimi nilifanya hivyo nilipopelekwa kikazi Mtwara. Nyumba ndogo ndiyo shida: utasemaje habari za mume wakati mume yuko sebuleni? Wengine wanaingia kwenye gari lililoegeshwa, wengine wanasubiri watoto waende shule au madrasa. Vaa hedifoni ili angalau upande wake usisikike, na kubalianeni mapema mtandao ukikatika nani anampigia nani. Mwanzoni mwa kila kikao atakuuliza uko mahali gani hasa na namba ya mtu wako wa karibu. Hiyo si umbea, likitokea la dharura anahitaji kujua amtume mtu wapi. Asipouliza kabisa, mimi ningejiuliza anafanya kazi hii kwa umakini gani. Malipo mengi ni ya simu kabla ya kikao, chukua risiti, na uliza sera yao ya kuahirisha, wengi wanataka uwaambie saa 24 kabla, la sivyo hela imekwenda. Kwa watoto wadogo dada yangu, omba saa ya asubuhi.